Makazi ya ndege wa jenasi ya Pithys

Je, ndege wa jenasi ya Pithys (jenasi ni kundi la spishi zenye ukaribu) wanapatikana Kongo? Hapana, hawapatikani huko wala kwingineko barani Afrika, kwa kuwa familia yao nzima, Thamnophilidae, huishi Amerika pekee, kuanzia Meksiko hadi Argentina. Jenasi hiyo ina spishi mbili tu. Pithys albifrons, mwenye kishungi na ndevu nyeupe, ameenea katika misitu ya Amazon, hasa upande wa kaskazini wa mto huo, tangu Guyana na Suriname hadi Peru. Mwenzake, Pithys castaneus, anajulikana kaskazini mwa Peru tu, katika misitu ya kimo kifupi iotayo juu ya mchanga mweupe. Kwa miongo kadhaa ushahidi wa kuwapo kwake ulikuwa kielelezo kimoja kilichokusanywa mwaka 1937, na wataalamu hawakumwona tena hadi 2001. Nadhani dhana ya kwamba wanaishi Kongo imetokana na tabia ya ndege wa Pithys ya kufuata siafu, maana misitu ya Kongo nayo ina ndege wafanyao hivyo, ingawa ni wa ukoo mwingine kabisa. Tena ndege wa Pithys hawali siafu wenyewe, bali hudaka wadudu na buibui wanaokurupushwa na msafara huo.