Treni ya abiria ikija Mtwara, hasara yake ataibeba nani?

SWALI: Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu, niko Nachingwea. Nilipokuwa mtoto reli ilikuwa inafika hapa kwetu, kisha ikang'olewa. Mjukuu wangu anasoma Marekani, jimbo la Indiana. Ananiambia kule Bunge la jimbo ndilo linaloamua treni ya abiria iwepo au isiwepo, na ndilo linalolipia. Sheria ya namna hiyo inafanyaje kazi? Na sisi wa Lindi na Mtwara, reli ya kwenda Mbamba Bay ikijengwa, mikoa yetu inaweza kutunga kitu kama hicho, tusije tukabaki kuhesabu mabehewa ya makaa ya mawe yakipita?

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Mjukuu wako amekueleza sawasawa, na jimbo alilopo lina mfano unaofaa kuliko yote, kwa sababu treni yao walikuwa nayo wakaipoteza. Nianze na huko.

Tuelewane kwanza kwenye hesabu. Treni ya abiria, karibu kila mahali, nauli peke yake haziilipii. Ukijumlisha mafuta au umeme, mishahara ya madereva na wahudumu, matengenezo ya mabehewa na malipo ya kutumia njia, kinabaki kipande ambacho lazima mtu akitoe mfukoni. Sheria hizi zote, hata ziwe na kurasa mia, zinahangaika na kipande hicho: ni cha nani mwaka huu, na ni cha nani miaka kumi ijayo.

Marekani treni za masafa zinaendeshwa na shirika linaloitwa Amtrak, lililoanza kazi Mei 1971 baada ya kampuni binafsi za reli kuchoshwa na hasara ya abiria. Kwa miaka mingi Serikali Kuu ya kule ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa, majimbo mengine yakichangia, mengine yakila bure. Mwaka 2008 ikapitishwa sheria ya taifa ambayo kifungu chake cha 209 kilikata mzizi wa ubishi: njia yoyote isiyozidi maili 750, yaani kilomita kama 1,200, ikiwa nje ya njia kuu ya Boston hadi Washington, jimbo husika ndilo litakalolipa, na kanuni ya kukokotoa gharama iwe moja kwa majimbo yote. Ikaanza kuuma Oktoba 2013. Tangu hapo, kila jimbo lenye treni fupi likalazimika kuamua kama linaitaka kweli.

Indiana ilikuwa na treni ya Indianapolis hadi Chicago, iliyoitwa Hoosier State, ikienda siku nne kwa wiki. Jimbo na miji ya njiani wakachanga. Mwaka 2015 wakajaribu ujanja mwingine: kampuni binafsi, Iowa Pacific, ilete mabehewa na chakula cha moto, hadi behewa lenye paa la vioo la kutazamia mandhari, huku wafanyakazi wa Amtrak wakiendesha. Abiria walifurahi. Mapema 2017 kampuni ikajitoa, kwa sababu mapato iliyoyategemea hayakutosha. Amtrak ikarudi na mabehewa yake ya kawaida. Kisha 2019, bajeti ya jimbo ikapita bila zile dola milioni 3 hivi kwa mwaka. Treni ya mwisho ilikuwa tarehe 30 Juni 2019. Reli ipo mpaka leo na mizigo inapita juu yake.

Hapo pana kipengele ambacho wasio wanasheria hukiruka wakisoma. Mkataba wa jimbo na mwendeshaji unaweza kuwa wa miaka mingi, lakini mara nyingi ndani yake kuna maneno ya aina ya “endapo Bunge litatenga fedha”. Maneno hayo machache yanafanya mkataba wa miaka kumi uwe mikataba kumi ya mwaka mmoja mmoja. Bunge likikaa kimya, jimbo halijavunja mkataba, limeacha tu kuendelea. Mwendeshaji anayejua hilo hanunui mabehewa mapya. Nani akope fedha za miaka ishirini kwa kazi yenye uhakika wa miezi kumi na miwili?

Majimbo yaliyodumu yameandika sheria zao tofauti. California ina akaunti ya usafiri wa umma inayopata fedha zake hasa kutoka kodi ya mauzo ya dizeli, na sheria ya 2012 iliruhusu usimamizi wa njia ukabidhiwe kwa mamlaka za pamoja za maeneo ya njiani, jimbo likiendelea kulipa. Maine, jimbo dogo lisilo na fedha nyingi, liliunda chombo chake mwaka 1995 kwa kazi ya treni tu. Treni ya Portland hadi Boston ikaanza Desemba 2001 na bado inakwenda. Mimi nikipewa nichague, nachukua njia ya Maine: chombo kidogo chenye kazi moja, ambacho treni ikichelewa kila mtu anajua mlango wa kugonga.

Sasa mkataba wenyewe. Kuna namna mbili kubwa, na Mwalimu unazijua kwa bodaboda. Bosi anaweza kumpa kijana pikipiki kwa hesabu: lete kiasi fulani kila jioni, kinachozidi ni chako, kikipungua shauri yako. Au anaweza kumlipa mshahara, fedha zote za abiria zikawa za bosi. Kwenye reli ni hivyo hivyo. Mkataba wa kwanza unamwachia mwendeshaji hatari ya mapato, na abiria wakipungua anapunguza safari, anabana matengenezo, mwisho anaondoka kama Iowa Pacific. Wa pili unaiachia Serikali hatari hiyo, na mwendeshaji analipwa kwa kilomita alizotembeza na kupimwa kwa mambo yaliyoandikwa: treni ngapi zimefika kwa wakati, mabehewa yalikuwa safi kiasi gani, vyoo vilikuwa na maji au la. Asipofikia, anakatwa. Kwa njia mpya isiyojulikana itakuwa na abiria wangapi, hasa kwetu ambako watu na fedha hutembea sana msimu wa korosho kisha kukapoa, ningeshauri namna ya pili bila kusita. Mwekezaji atakayekubali ya kwanza bila ruzuku atakuwa hajakokotoa vizuri, au amepanga kujadili upya baada ya kusaini.

La tatu ndilo gumu, nalo ni nafasi ya kupita. Njia nyingi zinazotumiwa na Amtrak ni mali ya kampuni za mizigo. Sheria ya taifa inaipa Amtrak haki ya kupita kwenye njia hizo na kutangulizwa mbele ya treni za mizigo, ikilipia gharama inayoongezeka kwa sababu yake. Hata hivyo ugomvi wa nani asubiri pembeni hauishi. Jimbo likimleta mwendeshaji mwingine asiye Amtrak, hana haki hiyo moja kwa moja, inabidi apatane na mwenye njia. Ukitazama Indiana tena utaona kwa nini Amtrak haikuondoka kabisa hata ilipokuja kampuni binafsi.

Turudi nyumbani. Mkoa wetu si jimbo, Mwalimu, na hapa hakuna njia ya mkato. Mkoa hauna Bunge wala mfuko wake wa kodi, ni mkono wa Serikali Kuu. Halmashauri ndizo zenye sheria ndogo na mapato ya ndani, na kwa kwetu mapato hayo yanategemea sana ushuru wa mazao, ambao kisheria hauzidi asilimia 3. Humo asilimia 10 tayari ni ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ukiwaambia Nachingwea, Masasi na Tandahimba walipie treni, utakuwa umefunga zahanati.

Kwa hiyo fedha lazima zitoke Dodoma, na Ibara ya 135 ya Katiba inasema mapato ya Serikali yanaingia Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa yale ambayo sheria imeyapangia matumizi mengine. Yapo yaliyopangiwa. Tozo ya maendeleo ya reli, iliyoanza 2015 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingia nchini, ni mfano. Lakini watu wa kusini hatuhitaji kufundishwa udhaifu wa fedha za namna hiyo. Sehemu ya ushuru wa korosho zinazokwenda nje, asilimia 65, ilikuwa imefungwa kisheria irudi kwenye zao, na mwaka 2018 Sheria ya Fedha ikaifuta, wabunge wetu wakapiga kelele hadi sauti zikakauka. Kilichofungwa na sheria hufunguliwa na sheria. Mkataba uliosainiwa ni mgumu zaidi kufumua, kwa sababu ukiuvunja unalipa fidia.

Ndiyo maana nadhani swali la kuuliza sasa ni la mkataba. Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, na matawi yake ya Mchuchuma na Liganga, Serikali imekuwa ikiitafutia mbia chini ya sheria ya ubia ya 2010. (Nalisema hili kwa sababu wengi wanadhani ni treni ya Dar: hapana, inakwenda Songea na Ziwa Nyasa.) Mbia atakayekuja atavutwa na makaa ya mawe na chuma. Abiria hawamo kwenye hesabu zake, na wasipoandikwa kwenye masharti ya ubia kabla ya kusaini, watakuja kuombewa hisani. Yaandikwe mambo ya kupimika: safari ngapi za abiria kwa wiki, zisimame stesheni zipi, saa ngapi njia ni ya abiria na mizigo isubiri, nani analipa pengo na kwa kanuni gani, na kila baada ya miaka mingapi nauli zinapitiwa na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu. Na uwepo mlango wa kutokea. Tuliwahi kumkodisha mbia kutoka India, RITES, reli ya kati kwa miaka 25 kuanzia 2007, akiwa na hisa asilimia 51. Kufikia 2011 Serikali ilikuwa imeshazinunua tena.

Kuendesha treni yenyewe kunaweza kubaki kwa Shirika la Reli, TRC, ambalo kwa sheria ya 2017 linamiliki miundombinu na kutoa huduma, au kukapewa mwingine mwenye leseni. Hilo halinisumbui sana. Linalonisumbua ni TRC kubebeshwa njia ya hasara bila fungu, kisha kulaumiwa treni zikipungua.

Umeuliza pia, kwa mbali, halmashauri zifanye nini basi. Zinaweza kulinda ardhi ya stesheni na barabara za kuifikia kabla viwanja havijagawiwa, na kujenga stendi pembeni yake ili anayetoka Nachingwea kwa basi ashuke Masasi mlangoni mwa treni. Michoro ya mipango miji inapitishwa na madiwani wenu wenyewe, na hilo halisubiri mwekezaji.