Watoto wangu hupiga kofi kwa kila silabi. Nifanyeje?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa PP1 (darasa la awali), mtaa wa Langoni, Lamu. Nina watoto 26 wa miaka 4 na 5. Kuimba wanapenda, lakini nikiwaambia wapige makofi kila mmoja ana lake, na wengi hupiga kofi kwa kila silabi. Tena hupayuka. Ala sina hata moja. Je, nianze kuwafunza do-re-mi ubaoni?

JIBU: Ubao uache kwanza, mwalimu. Na hao wa kofi kwa kila silabi hawajakosea, wanahesabu mizani! Wewe wataka pigo, ule mwendo usiobadilika ulio chini ya wimbo. Wao wanakupa mdundo wa maneno. Ni vitu viwili, na pigo huingia miguuni kabla ya kufika mikononi. Émile Jaques-Dalcroze, aliyeanza kufundisha chuo cha muziki cha Geneva mwaka 1892, aliyaona haya kwa wanafunzi wakubwa: kwenye ala mwendo uliwapotea, lakini wakitembea walikwenda sawasawa. Akawainua vitini.

Ala unazo, ziko jikoni. Chukua vifuu viwili vya nazi uvigonganishe. Hiyo ni kwato ya punda, na mtoto wa Lamu hahitaji kuelezwa punda. Mchague mmoja awe punda, atembee apendavyo, nawe ufuate hatua zake kwa vifuu. Usianze wewe. Mtu mzima akijipigia tu hukaa karibu na mapigo 100 kwa dakika; mtoto wa umri huo hupenda kasi zaidi, mara nyingi kupita 130. Ukimlazimisha mwendo wako hujikwaa, kisha twasema hana sikio. Wengine wakishaingia kwenye hatua zake, nyamazisha vifuu ghafla, na punda wote wasimame. Huko kusimama ndiko kusikiliza.

Kisha tia maneno. Mimi hutumia haya:

Punda, punda, wenda wapi?
Nenda Shela, na makuti.

Kila mstari una mizani 8, lakini hatua ni 4: pu-, pu-, we-, wa-. Nusu ya darasa iende kwa hatua, nusu ipige mizani kwa makofi, halafu wabadilishane. Hapo watasikia wenyewe kofi mbili zikiingia katika hatua moja. Usiharakishe kufika hapa. Mimi hukaa na miguu peke yake wiki tatu hivi, na bado wapo wanaochelewa.

Kupayuka, aghalabu, ni kosa letu. Twaanzisha wimbo chini, panapotufaa sisi. Mtoto hapafikii, basi hunguruma au hupiga kelele. Anzia re iliyo juu ya do ya kati, ile ya katikati ya kinanda, usipande sana kupita la. Huna kinanda? Tumia sauti ya kumwita mtoto aliye juu ghorofani, ile inayoshuka mwishoni: “A-li!” Mara nyingi hiyo ni so kwenda mi, na walimu wafuatao njia ya Zoltán Kodály, mtunzi wa muziki wa Hungaria, huanzia sauti hizo hizo mbili. Kwa hiyo do-re-mi yako itakuja, ila kwa mlango huo. Waite majina asubuhi hivyo, nao wakuitikie kwa sauti ile ile.

Punda 26 chumbani watagongana. Watoe uani mapema, kabla mchanga haujawaka, dakika 10 tu. Na vifuu vipige msasa kingoni, visiwakate vidole.