Wachezeshaji wanaonekana chini ya taa za urujuanimno

Ndugu, umesema wachezeshaji wako wa vikaragosi wanaonekana chini ya taa za urujuanimno (zile zinazofanya rangi maalumu ziwake gizani) hata wakivaa nyeusi tupu, ilhali watazamaji wanapaswa kuona vikaragosi tu. Mimi ningeanza na kitambaa. Nyeusi nyingi za dukani hurudisha mwanga, na sabuni nyingi za unga zina kemikali ya kung'arisha nguo, ndiyo maana hata kipande cha uzi mweupe begani kinawaka buluu kama kimulimuli. Shona majoho, glavu na kofia za kufunika uso kwa mahameli nyeusi, maana vinyweleo vyake humeza mwanga. Machoni weka wavu mweusi. Kabla ya onyesho, pitisha tepu yenye gundi mwili mzima kuondoa nyuzi.

Vikaragosi vipake kwanza rangi nyeupe, ndipo rangi ya floresenti, ile inayowaka chini ya taa hizo. Ukiipaka juu ya nyeusi hufifia. Upande unaomwelekea mchezeshaji uache mweusi, la sivyo utammulika kifuani.

Taa zielekeze kutoka pembeni, mwanga upite kama ukanda mwembamba: kikaragosi ndani yake, mtu nyuma yake. Na tafadhali sana, usitumie taa za urujuanimno za kuua vijidudu. Zinaunguza macho na ngozi. Tafuta zenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 365 hadi 400.