Maswali ya Wasomaji: Mtoto Alale Juu ya Nini?

Assalaam alaykum. Binti yangu anatarajia kujifungua mwezi ujao. Fundi wa hapa yuko tayari kututengenezea kitanda cha mtoto chenye nakshi za kutoboa upande wa kichwani. Shemeji naye ametuonesha cha mtumba, ubavu wake mmoja unashuka na kupanda. Kipi afadhali?
*Bibi mtarajiwa, Langoni, Lamu*

Wa alaykum salaam, Bi. Cha fundi, ila mpeni vipimo kabla hajakata mbao. Nafasi kati ya ufito na ufito isizidi sentimita 6. Kama rula haipo, chukueni kopo la soda la mililita 330. Likipenya, nafasi ni kubwa mno: mtoto huteleza kwa miguu, kiwiliwili kikapita, kichwa kikanasa, akabaki anning'inia kwa shingo.

Nakshi za kutoboa ni hatari hiyo hiyo. Hatuthubutu kumnyima fundi wa Lamu nakshi zake. Achonge apendavyo, asitoboe tu. Nguzo za pembe zikatwe zilingane na ubao wa juu, maana kichwa cha nguzo kilichochomoza hunasa nguo, au uzi wa hirizi shingoni. (Uzi huo avuliwe kila anapolazwa.) Kutoka kwenye chaga hadi ukingoni pasipungue sentimita 60.

Godoro liwe gumu na lijae kitanda. Vidole vyenu viwili vikiingia kwa ulegevu kati ya godoro na ubavu, godoro ni dogo. Ligandamizeni kwa kiganja: linalobaki na shimo halifai, hata likiwa jipya.

Cha mtumba kiacheni, hata cha bure. Ubavu ule hushikwa na vibanio, mara nyingi vya plastiki. Kimoja kikichakaa, pembe inachomoka, mtoto anatumbukia kati ya ubavu na godoro na kubanwa. Marekani ilipiga marufuku vitanda hivyo mwaka 2011.

Mwanangu ana miezi miwili na kichwa kimekuwa bapa upande mmoja. Mama mkwe amemshonea kimto cha sufi chenye shimo katikati. Nikitumie?
*Mama K., Maweni, Malindi*

Mshukuru, kisha kihifadhi mpaka mtoto apite mwaka. Akigeuza uso, pua inazama kwenye sufi, naye anavuta tena hewa ile ile aliyoitoa. Kimto pia huinua kichwa, kidevu kikaelekea kifuani, na koo la mtoto mchanga ni laini, hujikunja upesi. Ndiyo maana hata vilalio vya mwinamo havifai kwa usingizi. Marekani ilipiga marufuku vinavyozidi digrii 10 mwaka 2022, pamoja na ile mito ya kuzungushia kitanda. Kitanda cha kamba kilicholegea katikati nacho ni yale yale.

Kichwa hutengenezwa akiwa macho. Mlaze kifudifudi dakika 3 hadi 5, mara 2 au 3 kwa siku, nawe ukiwa hapo hapo. Usiku alale chali, lakini leo kichwa kiwe upande huu wa kitanda, kesho ule: watoto hupenda kutazama mlangoni kwenye mwanga, na ndiko kichwa kinakobonyea. Kama shingo haigeuki kabisa upande mmoja, mpeleke kliniki.

Kaskazi hii joto halilaliki. Nimfunge leso usiku? Na chandarua?
*Baba mpya, Malindi*

Usiku wa joto nepi na fulana nyepesi zinatosha, kichwa kikiwa wazi. Gusa kisogo au kifua, mikono hudanganya. Akiwa na jasho, punguza nguo. Leso ya kumfunga iishie mabegani, miguu iwe na nafasi ya kukunjika, na uache kumfunga mara tu anapoanza kujaribu kujipindua. Leso ya kumfunika tu bila kuifunga haifai, hupanda usoni.

Chandarua chenye dawa, naam. Kitundike juu kikaze, ukichomeke chini ya godoro pande zote. Kilicholegea humwangukia usoni. Kamba za kutundikia zifupishwe asizifikie.