Anayenunua chumba kizima ameona kitu kimoja

*Mama Mshauri, jambo. Baba alikufa mwezi uliopita. Alifanya kazi kampuni ya madini, Union Minière, kisha Gécamines, mpaka pensheni. Matanga hayana hata wiki mbili, bwana mmoja amekuja kutoa dola 400 kwa vitu vyote vya chumba cha mbele: tablo mbili za rangi, msalaba wa shaba, kiti cha mti cha babu kinachobebwa na sanamu ya mwanamke, cherehani ya Singer, kopo la sarafu za zamani na jino la tembo. Yaya, mkubwa wetu, anataka tuchukue pesa leo tugawane. Mama ananyamaza. Naona tunaibiwa, lakini sijui bei, na sitaki ugomvi na yaya.*
*— Mtoto wa tatu, Kamalondo, Lubumbashi*

Binti yangu, pole sana kwa baba. Hizo dola 400 msizichukue, wala usigombane na yaya kwa ajili ya pesa hizo. Mtu anayeingia nyumba ya kilio na kutaka chumba kizima kwa bei moja, mara nyingi ameona kitu kimoja tu. Vingine anavibeba ili msijue ni kipi. Mwambieni ataje bei ya kila kitu peke yake, ninyi msitaje yenu. Akikataa, mmeshajua.

Lakini kabla ya bei kuna mama yenu. Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inamwachia mjane haki ya kuitumia nyumba aliyoishi na mumewe pamoja na vyombo vyake. Kitanda, kabati na meza haviwezi kutolewa mbele ya macho yake kwa sababu tu watoto wamekubaliana. Na mjane akinyamaza wakati wa matanga, hajakubali, amechoka. Kaeni naye pembeni, mmuulize kitu kimoja kimoja. Yaya, kama mkubwa, kwa kawaida ndiye anayesimamia urithi, lakini kazi ya msimamizi ni kuhesabu na kugawa kwa warithi wote, siyo kupokea pesa peke yake mlangoni.

Anzeni na kopo la sarafu, maana hapo mizani ndogo inaweza kubadili hesabu yote. Tafuteni sarafu za Katanga za 1961, zenye msalaba wa shaba upande mmoja na ndizi upande wa pili. Ile ya faranga 5 ilitengenezwa kwa shaba nyeusi, na pia kwa dhahabu, sura ikiwa ileile. Ya shaba nyeusi ina gramu 6.5 hivi. Ya dhahabu ina gramu 13.33, na ndani yake dhahabu safi ni kama gramu 12. Azimeni mizani inayosoma sehemu za gramu, mpime nyumbani, siyo kwa mnunuzi wa dhahabu. Msijipe matumaini makubwa, nyingi ni za shaba nyeusi. Ila kuitoa ya dhahabu ndani ya bei ya kopo zima ni kosa lisilorudi. Tafuteni pia faranga 50 ya 1944 yenye tembo: ina gramu 17.5, nusu yake madini ya fedha. Zile ndogo zenye tundu katikati nyingi hazina bei.

Na tafadhali, msizisugue! Limau, majivu, dawa ya meno, vyote vinakula uso wa sarafu, na uso ndio mkusanyaji anaolipia. Vivyo hivyo kwa msalaba.

Tablo zinanipa wasiwasi zaidi. Someni sahihi, kisha zigeuzeni msome nyuma. Wachoraji Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga na Bela walitoka karakana iliyofunguliwa hapa, mji ulipoitwa Élisabethville, na Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946. Pilipili alipenda ndege, samaki na nyoka. Bela alipaka kwa ncha za vidole. Mwenze alijaza picha kwa mistari mifupi mifupi. Kazi zao zilionyeshwa Paris 2015, Fondation Cartier, na zinauzwa kwenye minada ya Ulaya. Mkikuta "Tshibumba K.M." kwenye kitambaa cha gunia la unga, picha ya Lumumba au ya historia, huyo mchoraji naye anatafutwa na wakusanyaji. Lakini sahihi inaigwa kirahisi. Kinachoaminisha ni ushahidi: fungueni albamu za ubatizo na ndoa, mtafute picha ambayo tablo inaonekana ukutani nyuma ya watu. Hiyo picha ya familia inaweza kupandisha bei kuliko fremu mpya. Msifute tablo kwa maji. Ikilazimu kuikunja, rangi ikae nje, kwenye bomba pana. Ikikaa ndani inabanwa na kubanduka.

Msalaba, ule watu wanauita handa, pesa ya zamani ya mababu, ulimiminwa kwenye kalibu ya wazi, kwa hiyo wa zamani una upande mmoja unaokwaruza kuliko mwingine. Ukiwa sawasawa pande zote na kingo kali za tupa, ni wa watalii. Hata wa kweli hautajenga nyumba, ila msimpe mnunuzi wa vyuma chakavu kwa kilo.

Kiti cha babu, ambacho Waluba wanaita lupona, msikiuze sasa. Mpeleke picha zake Musée national ya Lubumbashi, muulize. Mali za utamaduni zinalindwa na ordonansi-sheria namba 71-016 ya 15 Machi 1971, na kuzitoa nchini kunahitaji ruhusa. Jino la tembo msiliuze kabisa, wala msiweke picha yake kwenye simu ya mtu: biashara yake kimataifa imefungwa tangu 1990, na hapa Kongo tembo analindwa kwa sheria. Muulizeni avoka jinsi ya kulitangaza.

Singer, pole, ni chuma kizuri chenye bei ndogo, kwa sababu zilitengenezwa kwa mamilioni. Mwachieni mama.

Vingine: pigeni picha karibu na mlango, bila flashi, mbele, nyuma, sahihi, na rula pembeni. Mwandike orodha, kila mrithi atie sahihi. Kwa bei, msiangalie anachoomba muuzaji mtandaoni; tafuteni bei zilizolipwa mnadani, mkikumbuka kwamba nyumba ya mnada inakata ada yake.

Kwa yaya, usimwambie "unatuuza". Mwambie, "Yaya, nipe wiki tatu, nami nitapima kila kitu mbele yako." Mpe yeye aishike mizani. Zikitokea gramu 13, msiondoke na sarafu hiyo nyumbani kabla ya kuniandikia tena.