Kabla ya kuomba zebra, angalia mchanga umelala wapi

Siku niliyogongwa nilikuwa kwenye baiskeli, natoka Mwananyamala naenda Kariakoo. Mimi nanyoosha, daladala inakata kushoto bila hata kupunguza mwendo. Nilibaki na kiwiko kilichochubuka na rimu iliyopinda kama nane. Nilimlaani yule dereva wiki nzima. Baadaye, nikisubiri mihogo ya kukaanga palepale, nikaona wote wanapita vilevile, hata akina mama wenye magari yao madogo. Kona ilikuwa pana mno, hakuna aliyehitaji breki.

Kwa hiyo mtaa wenu ukiitwa kutoa maoni kuhusu barabara, msikimbilie zebra, ile mistari ya kuvukia. Rangi hufutika. Anzeni na kona. Nenda asubuhi uangalie mchanga: hapa Dar hujikusanya pale ambapo matairi hayapiti. Lami iliyo chini yake magari hayaihitaji, na hapo ndipo pa kuomba ukingo wa njia ya miguu usogezwe. (Usiende Jumapili. Nenda siku ambayo mafuso yanashusha mzigo, usije ukadanganyika.) Dereva anayepinda kwa kilomita 30 kwa saa anakula zaidi ya mita 8 kila sekunde. Kona ikimbana hadi 15, anakula 4 tu, na mnaweza kutazamana.

Mtaulizwa, zimamoto itapitaje? Swali la haki. Jibu ni ukingo mfupi wa mawe, ambao tairi kubwa linapanda bila shida lakini mwenye gari dogo anaukwepa.

Kivuko nacho kirudi nyuma ya kona kama urefu wa gari moja, dereva awe ameshanyooka anapokufikia. Kisizidi hapo. Watu hupita njia fupi, na mama mwenye tenga la samaki kichwani hatazunguka kwa sababu ya mchoro wa mtu. Ndiyo maana mimi si shabiki wa madaraja ya juu ya waenda kwa miguu.

Kijiwe cha bodaboda kisikae konani, kinaziba macho. Ongeeni nao mapema, kabla ya nguzo kusimikwa.

Mjue pia barabara ni ya nani. Kuu na za mkoa ziko kwa TANROADS, wakala wa barabara wa taifa; za mitaani ziko kwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Sisi barua yetu tuliambatanisha picha za ule mchanga, na vipimo tulivyochukua kwa kamba ya kuanikia nguo.