Re: Rekodi za kwanza za Mwenda Jean Bosco, mbona zinasifiwa hivo?

Ndugu yangu, umeuliza watu wanasikia nini kwenye zile rekodi za zamani za Mwenda, yule mpiga gita wa Kongo, manake wewe unasikia gita moja tu na makelele ya santuri. Hata mimi mwanzo nilisikia hivohivo, mpaka siku moja umeme umeenda hapa Kampala, nimevaa hedifoni, nikaurudia wimbo wake Masanga kama mara sita, nikajua nilikuwa nausikiliza vibaya.

Usifuate wimbo, fuata kidole gumba. Gumba linapiga besi chini bila kupumzika na kidole cha shahada kinacheza melodi juu, kila kimoja na mwendo wake, vinapishana, vinakutana tena, yaani unaweza kuapa ni magita mawili. Na ni kijana wa miaka 22 hivi, Hugh Tracey, yule mtafiti aliyerekodi muziki wa Kiafrika, alimrekodi huko Jadotville, siku hizi Likasi, mwaka 1952, gita kavu tu lisilo la umeme. Hakuna kujificha pale, kila nyuzi unaisikia.

Zile alizorekodi baadae ni nzuri pia ila kwangu hizi za kwanza zina uchangamfu ambao haurudi.

Halafu anaimba Kiswahili, cha Katanga, kusini mwa Kongo, lakini utakielewa, sikiliza anavotupia maneno katikati ya besi.

Kama umezoea kadongo kamu yetu ya Uganda, ule muziki wa mwimbaji na gita lake moja, tayari unajua gita moja linaweza kubeba hadithi nzima. Anza na Masanga ya gita tupu, alafu ile ya kuimba, na sauti uweke ndogo.